Usitupe ndara iliyokatika: kazi za mikono za kufanya na watoto nyumbani

Ijumaa jioni katika mitaa ya Ziwa la Ng'ombe mtoto anarudi nyumbani na ujumbe wa mwalimu: Jumatatu kila mmoja alete kitu alichotengeneza kwa mikono yake. Mzazi anashika tama. Pesa za manila zitoke wapi, na za gundi, na za rangi? Basi wengine hukimbia dukani wakakopa. Wengine humlipa kijana wa mtaani awatengenezee. Na wako akina mama wanaokaa mpaka usiku wa manane wakikata na kubandika wenyewe, mtoto amelala fofofo. Jumatatu kazi inapelekwa, alama zinapatikana, na mtoto hajajifunza kitu.

Malalamiko haya yamesikika kwenye vikundi vingi tangu mtaala wa CBC ulipoanza kufundishwa nchi nzima mwaka 2019. Hatusemi wazazi wanalalamika bure. Maisha ni magumu na kila shilingi ina kazi yake. Lakini hebu tukumbuke: mtaala wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, nao pia ulikuwa na Sanaa na Ufundi katika shule za msingi, na wengi wetu tuliosoma wakati ule tulipeleka shuleni kamba, mifagio na miiko. Vitu vile havikutoka dukani. Vilitoka kwenye mnazi, kwenye boksi tupu na kwenye takataka.

Hapa tunaeleza kazi chache ambazo mtoto wa miaka saba na kuendelea anaweza kuzifanya nyumbani, kwa gharama ndogo sana au bila gharama. Sharti letu ni moja tu. Mtu mzima ashike kisu na moto. Mengine yote amwachie mtoto, hata kitu kikitoka kombo. Gari lililopinda la mtoto lina faida kuliko gari zuri la mama yake.

GARI LA BOKSI

Tafuta boksi tupu la maziwa au la juisi, ndara moja ya mpira iliyokatika, na njukuti mbili kavu za mnazi, zile nene za kwenye fagio. Ndara utazipata nyumbani kwako, au ufuoni Bamburi ambako bahari huzileta bila kuitwa. Zioshe kwa sabuni na uzianike juani kabla mtoto hajazishika.

Chukua mfuniko wa mkebe mdogo wa mafuta ya kujipaka, uweke juu ya ndara, na mtoto achore duara kwa kalamu kuuzunguka. Mkubwa akate. Ndara moja ya mtu mzima inatoa magurudumu manne na kipande kinabaki. Tundu la katikati litobolewe kwa msumari baridi. Usiuchome msumari kwenye moto kama wengi wanavyofanya, manake mpira ukiungua moshi wake ni mbaya kwa kifua, na watoto huwa wameinamia palepale.

Sasa ndipo penye somo lenyewe. Njukuti inapita kwenye matundu mawili ya boksi, kulia na kushoto, halafu gurudumu linachomekwa kila upande. Tundu la gurudumu ni lazima libane njukuti. Tundu la boksi ni lazima lilegee, ili njukuti izunguke humo ndani. Yote mawili yakibana, gari linaburutika kama gunia. Gurudumu likilegea, linachomoka. Na matundu ya boksi yasipolingana kwa urefu kutoka chini, gari linakwenda likichechemea.

Lakini usimwambie mtoto mambo haya mapema! Mwache asukume, aone gari limekataa, akufuate na kukuuliza. Hapo muulize na wewe: "Unafikiri nini kimeshika?" Mtoto aliyejua mwenyewe kwa nini gurudumu halizunguki amejifunza jambo ambalo fundi wa baiskeli na fundi wa matatu wanalitumia kila siku.

Mtu asidhani hizi ni kazi za kupoteza wakati. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu kule kaskazini ya Lamu, watoto walikuwa wakiokota ndara zilizoletwa na maji na kuzikata kuwa vitu vya kuchezea. Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyefanya kazi huko, aliviona, akawatia moyo akina mama watengeneze vitu vya kuuza kwa ndara zile zile. Kutoka hapo ndipo ilipotokea kampuni ya Ocean Sole, ambayo huchonga tembo, twiga na kasa kwa ndara kuukuu. Na mwaka 2018 Lamu ilishushwa majini jahazi ya mita 9 iitwayo Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavuni imevikwa vipande vya ndara kama 30,000. Mapema mwaka 2019 ilisafiri mpaka Unguja. Wazo la kwanza, la kwamba ndara iliyotupwa ni mali, lilikuwa la watoto wa Kiwayu.

DAMA YA VIZIBO

Hii ni rahisi kuliko zote. Kata kipande cha katoni kiwe mraba. Kwa rula mtoto apige mistari mpaka apate vyumba 8 kwa 8, yaani 64, kisha apake makaa chumba kimoja na kuruka kimoja. Kete ni vizibo vya soda, 12 kila upande. Mchezaji mmoja analaza vizibo vyake kifudifudi, mwenzake chali, na hakuna haja ya rangi. Kingo za vizibo zina makali, kwa hivyo zigongwe kwa jiwe kwanza.

Vizibo hivyo hivyo vinamfaa mdogo wake kwa kuhesabu, kujumlisha na kugawanya. Ila mtoto wa chini ya miaka mitatu asikae navyo, kwa sababu kila kitu hukitia mdomoni. Na kama kuna mzee hapo jirani anayejua bao, mwombeni awafunze watoto. Mashimo 32 yanachimbwa mchangani, komwe au kokoto 64 zinaokotwa, na hesabu inayopigwa pale inawashinda hata wakubwa.

UKILI WA MAKUTI

Chukua majani mabichi ya mnazi, ondoa njukuti ya katikati, kisha chana jani liwe na upana wa kidole kidogo cha mtoto. Liache kivulini nusu siku lilegee. Mtoto afunge vipande vitatu pamoja kwenye mguu wa kiti, halafu asuke kama nywele: wa kulia uje katikati, wa kushoto uje katikati, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kipande kikikaribia kuisha, kingine kilazwe juu yake kiasi cha vidole vinne, visukwe pamoja. Akikiacha mpaka kiishe ndipo aunge, ukili utafumuka.

Ukili wa pima moja na kitu, ukiuzungusha kama konokono na kuushona ukingo kwa ukingo kwa uzi na sindano, unatoa kitanga cha kuwekea sufuria ya moto, upana wake kama shibiri moja. Katikati ndipo pagumu, kwa hivyo lowesha kidogo na uanze kwa kubana. Mikeka na vikapu vyetu vya ukindu na miyaa hushonwa kwa njia iyo hiyo, ila ukili wake ni mpana na wenye vipande vingi zaidi. Bibi wa Kiswahili na wa Kimijikenda wanaojua kazi hii bado wako mtaani, na wengi wanakaa kutwa bila mtu wa kuzungumza naye. Kikundi kikimwalika mmoja alasiri moja, watoto watapata mwalimu, naye bibi atapata wajukuu.

Kazi hii inamfaa pia mtoto asiyeona vizuri, kwa sababu vidole ndivyo vinavyosoma ukili. Na mtoto asiyeweza kutembea asiachwe ndani wenzake wanapokaa ukumbini. Hapo Bombolulu, jirani yetu kabisa, kuna karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na mapambo yaliyotoka mikononi mwao yamefika mpaka Ulaya. Mzazi anayemficha mtoto wake angefanya vyema kupeleka miguu pale akajionee.

BAKULI LA KARATASI NA TIARA

Kwa bakuli, chana daftari kuukuu na magazeti vipande vidogo, uviloweke usiku kucha kwenye ndoo. Asubuhi watoto wafinyange kwa mikono mpaka iwe kama uji mzito, wakamue maji. Gundi huna haja ya kununua: vijiko viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha maji baridi, koroga, weka motoni huku ukikoroga mpaka uwe mzito. Changanya na karatasi, kisha mtoto apake mgongoni mwa bakuli la plastiki lililofunikwa na kupakwa mafuta. Unene usizidi nusu ya kidole. Anika siku tatu, ndipo uchomoe. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, linakauka vizuri. Wakati wa masika usijaribu, litaota ukungu. Bakuli hili ni la kuwekea kalamu au vifungo, si la chakula, kwa ajili ya wino.

Rangi ziko jikoni. Makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na ile gundi yanatoa nyeusi, manjano ya mchuzi yanatoa rangi ya njano, ingawa hii ya pili hupauka ikikaa juani.

Tiara watoto wanaijua kuliko sisi: njukuti mbili zinazokatana, uzi kuzunguka, karatasi, na mkia wa vitambaa. Zamani ilikuwa juala la plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na gazeti kwa kweli hupaa vizuri tu. Neno letu ni moja: warushe ufuoni au uwanjani, kamwe si penye nyaya za stima. Tiara ikinasa kwenye waya, iachwe huko huko. Mtoto asipande wala asiivute kwa mti.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mzazi mmoja peke yake huchoka. Afadhali kikundi kipange alasiri moja ya Jumamosi, mara moja au mbili kwa mwezi, na kila mtu mzima asimamie watoto wasiozidi kumi. Kila mwanachama alete alichonacho: maboksi, vizibo, ndara, vitambaa vya fundi cherehani. Vitu vya jalalani visiletwe, manake humo mna sindano za hospitali, vioo vilivyovunjika na betri zinazovuja.

Kuna vikundi vitakavyoona vitanga vimetoka vizuri na kuanza kufikiria soko. Si vibaya. Lakini basi ile iwe kazi ya akina mama, siku nyingine na mahali pengine. Jumamosi ya watoto ikigeuzwa kuwa ya kutimiza oda, mtoto amekuwa kibarua, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumtumikisha mtoto. Tena watakimbia, hutawaona wiki ijayo.

Vifaa vya kikundi havihitaji kuwa vingi. Visu viwili, mikasi mitatu, misumari, sindano nene, uzi na rula vinatosha, na vyote viingie kwenye sanduku moja lenye kufuli. Funguo akae nazo mtu anayejulikana. Visu na sindano zihesabiwe watoto wakiwa bado wamekaa, kabla mmoja hajaondoka.