Gazeti Halichagui Mbunge

Kila ufanyikapo uchaguzi mkuu Uingereza, na hata katika miaka iliyo baina ya uchaguzi mmoja na mwingine, swali hunijia kwa sura ileile, liulizwe na mwanafunzi, na msikilizaji wa redio, au na sahibu aliyehamia Leicester au Reading zamani akawa mwenyeji huko: safari hii magazeti yameamua kumpa nani ushindi? Nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa takwimu, na madhali halikomi nitalijibu leo kwa ukali kidogo. Kwa sababu dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba Mwingereza wa kawaida huamka siku ya kura hana rai, akanunua gazeti, akaamriwa ampe nani kura, kisha akaenda akaipiga, ni dhana inayomdhalilisha mpiga kura, inayomtukuza mwenye gazeti kupita kadiri yake, na fauka ya hayo si kweli.

Asili yake yajulikana. Tarehe 9 Aprili 1992, siku ya kura, gazeti la The Sun, ambalo zama hizo liliuza nakala zaidi ya milioni 3 kwa siku, lilichapa katika ukurasa wa mbele kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa chama cha Labour, kikiwa ndani ya globu ya umeme, na kando yake ombi la kejeli kwamba, Kinnock akishinda, mtu wa mwisho kuihama nchi tafadhali azime taa. Wachunguzi wa maoni walikuwa wametabiri ama bunge lisilo na chama chenye wingi, ama Labour kutangulia kidogo. Lakini kura zilipohesabiwa, chama cha Conservative cha John Major kilipata asilimia 41.9, na Labour asilimia 34.4. Siku mbili baadaye gazeti likajitangaza kwa herufi kubwa, na kwa Kiingereza cha mitaani cha makusudi, kuwa ushindi ule ni kazi ya mikono yake. Tangu hapo majigambo ya mhariri mmoja yamegeuka kuwa elimu ya siasa kwa watu ambao hawakulisoma gazeti lenyewe hata mara moja.

Tuyahukumu basi majigambo hayo kwa ithibati. Kwanza, ile ajabu ya mwaka 1992, ambayo ndiyo mtaji wote wa hoja, haikuwa ajabu ya wapiga kura bali ya wapimaji. Kwani wachunguzi wa maoni walipokaa kujikagua walikuta kwamba watu waliowahoji hawakuwa mfano wa kweli wa taifa, na kwamba wafuasi wa Conservative walikuwa wazito kuliko wengine kutoa siri ya nyoyo zao mbele ya mgeni mwenye karatasi ya maswali. Wako waliogeuka katika saa za mwisho, sikatai. Illa hao walikuwa sehemu tu ya lile pengo, na sehemu iliyosalia haikuwapo kamwe ila katika hesabu zilizokosewa. Gazeti likajisifu kwa kuiziba tundu ambayo haikutobolewa.

Pili, mwenye haraka huniambia, “Na mwaka 1997 je?” Kwani tarehe 18 Machi mwaka huo The Sun liligeuka likamuunga mkono Tony Blair wa Labour, na tarehe 1 Mei Labour ikanyakua viti 418. Namwomba atazame kalenda. Tarehe 16 Septemba 1992 serikali ya Major ilishindwa kuilinda thamani ya pauni, ikaitoa kwa fedheha katika mfumo wa viwango vya fedha vya Ulaya, na sifa ya Conservative ya kuwa ndio mafundi wa uchumi, ambayo ilikuwa rasilimali yao kubwa hata kwa watu wasiowapenda, ikavunjika kwa siku moja. Toka majira yale Labour iliongoza katika uchunguzi wa maoni hadi siku ya kura, maana yake ni kwamba wananchi walikwisha kugeuka miaka minne na nusu kabla ya gazeti lao. Mambo yakawa yayo hayo Septemba 2009, gazeti lilipomtupa Gordon Brown, waziri mkuu wa Labour, ilhali Conservative walikuwa mbele kwa karibu miaka miwili. Na bado mwaka uliofuata walipata viti 306 visivyotosha kutawala peke yao. Yakawa hivyo tena tarehe 3 Julai 2024, gazeti liliporejea kuiunga mkono Labour siku moja tu kabla ya kura, wakati ambapo matokeo yalijulikana na kila mtu ila mwenye kutaka kujidanganya. Wazee walimjua vizuri jogoo wa namna hii: awike asiwike, kutakucha.

Tatu, mwaka 2017, ambao wapenzi wa dhana hii huuruka kama mtu aonaye dimbwi. The Sun, Daily Mail na Daily Express yalimwandama Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, kwa ukurasa juu ya ukurasa, na matokeo yake ni kwamba Labour ilipanda kutoka asilimia 30.4 hadi 40, na Theresa May, waziri mkuu wa Conservative aliyeitisha uchaguzi kwa tamaa ya kuongeza wingi wake bungeni, akaupoteza ule aliokuwa nao. Ikiwa magazeti yana nguvu ya kutawaza na kuuzulu, nguvu hiyo ilikuwa likizo ipi mwaka huo? Rupert Murdoch mwenyewe, mwenye The Sun, alipohojiwa chini ya kiapo mbele ya Jaji Leveson katika uchunguzi wa mwenendo wa magazeti mwaka 2012, alikikana kichwa kile cha habari cha 1992 cha kujitwalia ushindi akasema hakikufaa. Mwenye mali amekiri; wapambe wangali wanabisha.

Nisije nikaonekana ninapinga jambo kwa ushabiki, nasema yaliyo upande wa pili. Wanazuoni wawili wa Marekani, Jonathan Ladd na Gabriel Lenz, walichapa mwaka 2009 utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji wa magazeti yaliyogeukia Labour kabla ya uchaguzi wa 1997 waligeuka kwa wingi kuliko wenzao. Athari ipo, lakini ushindi wa wingi wa viti 179 haukuingojea. Na katika Liverpool, ambako watu walilisusia The Sun baada ya gazeti hilo kuwasingizia mashabiki wa mpira waliokuwako katika maafa ya Hillsborough ya Aprili 1989, Florian Foos na Daniel Bischof walikuta kwamba miaka mingi ya kulikosa gazeti ilipunguza chuki dhidi ya Umoja wa Ulaya katika eneo lile. Hapa pana funzo kwa mwenye kutaka kujifunza: gazeti laweza kumtia mtu rangi polepole, mwaka baada ya mwaka, katika jambo ambalo hana habari zake kwa njia nyingine, halimwendeshi kituoni siku ya kura. Aliye kwenye foleni hospitalini hahitaji mhariri wa kumweleza kuwa foleni ni ndefu.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya midahalo ya televisheni. Nick Clegg wa Liberal Democrat aling'ara katika mdahalo wa kwanza wa Aprili 2010 hata nchi ikadhani imepata mtume mpya. Kura zilipohesabiwa chama chake kilikuwa na viti 57, pungufu ya vile 62 vya uchaguzi uliotangulia. Sina la kuongeza.

Basi Mwingereza huamuaje? Aghalabu huwa amekwisha kuamua. David Butler na Donald Stokes, walioanza kuwahoji wapiga kura mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao kazi yao ndiyo mama wa utafiti wote uliofuata, waliwakuta watu waliorithi chama kutoka kwa wazazi wao pamoja na dini na lafudhi: mchimba makaa na mwanawe ni Labour, karani wa benki na bintiye ni Conservative, na kampeni kwao ni ngoma ya kuwakumbusha walivyo. Urithi huo umefifia sana. Leo ukitaka kubahatisha kura ya mtu usimwulize kazi ya babaye bali umri wake na shule aliyosoma. Mwaka 2019 kampuni ya YouGov ilikadiria kwamba ni kuanzia umri wa miaka 39 ndipo mtu alipokuwa na uelekeo zaidi wa kuwapa Conservative kuliko Labour, na katika uchaguzi huohuo Bolsover, jimbo la wachimba makaa ambalo Dennis Skinner wa Labour alilishika tangu 1970, likaenda kwa Conservative. Hiyo ni athari ya kura ya kutoka Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016, iliyowagawa watu kwa mstari usiopita katika mipaka ya vyama.

Juu ya mazoea hayo huja hukumu moja iliyo nyepesi kuieleza na nzito kuikimbia: nani aweza kazi? Mpiga kura hasomi ilani, na simlaumu, kwani hata baadhi ya wagombea hawazisomi; yeye hutazama bei, mshahara, daktari na nyumba, akauliza kama waliomo wameweza. Septemba 2022 serikali ya Liz Truss ilitangaza kupunguza kodi pasipo kuonyesha fedha zitatoka wapi, pauni ikaporomoka, riba ya mikopo ya nyumba ikapanda, na Truss akaondoka baada ya siku 49 za uwaziri mkuu. Chama chake hakikupata tena imani iliyopotea mwezi ule, na Julai 2024 kikabaki na viti 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Sura ya kiongozi nayo ni njia ya mkato ya kuipitisha hukumu hii, lakini tusiizidishe: mwaka 1945 watu walimheshimu Churchill wakampa kazi Attlee, na mwaka 1979 walimpenda James Callaghan wa Labour kuliko Margaret Thatcher wa Conservative, wakamchagua Thatcher.

La mwisho ni jimbo, na hili ndilo wageni hulisahau. Karatasi ya kura haina jina la waziri mkuu ila kwa watu wa jimbo lake. Ina wagombea wa jimbo lako, moja katika majimbo 650, na mwenye kura nyingi kuliko wenziwe huenda bungeni hata kama wasiomtaka ni wengi zaidi. Ndiyo maana mwaka 2024 Reform UK walipata asilimia 14.3 ya kura na viti 5, ilhali Liberal Democrat kwa asilimia 12.2 walipata viti 72, kwa kuwa kura zao zilijikusanya mahali penye faida. Mwingereza mwenye hesabu, akiona chama chake hakina tamaa katika jimbo lake, humpa kura yule wa pili awezaye kumwangusha asiyemtaka kabisa, kisha hurejea nyumbani bila ya kuona aibu.

Nafasi yaniishia, na walioniandikia kuuliza la manufaa nawajibu mbiombio. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda aliyetimiza miaka 18, akaaye Uingereza kwa ruhusa halali, ana haki ya kupiga kura ya ubunge kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Hahitaji kuwa raia wa Uingereza, na namwomba aache kuniambia kuwa hakuambiwa. Ajiandikishe mapema, maana daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Katika England, Wales na Uskochi sheria ya mwaka 2022 yamtaka aende na kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Madola yakubaliwa. Asiye na kitambulisho aombe hati maalumu, hutolewa bure. Atakayekuwa safarini aombe kura ya posta, wala asikawie. Asiamini michoro ya karatasi zinazotupwa mlangoni, ambamo kila chama hujichora kuwa peke yake chaweza kushinda, bali atazame matokeo ya jimbo lake ya uchaguzi uliopita, akikumbuka kuwa Hendon mwaka 2024 ilipatikana kwa tofauti ya kura 15. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Aweke alama moja tu, na ile kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi ni halali, ingawa ruhusa ipo ya kwenda na wino wake. Mkongo, Mrundi na Mwomani hawana kura ya ubunge maadamu hawajapata uraia. Lakini wakiwa Uskochi au Wales kwa kibali, kura ya mabunge ya huko na ya halmashauri wanayo, nayo daftari lake ni lilelile la halmashauri ya mtaa.