Kuijua Lugha Si Kuiandika

Wengi wetu tuvaao sare hudhani kwamba mtu huijua kuiandika lugha aliyozaliwa nayo. Sivyo. Ulimi hufunzwa nyumbani. Kalamu hufunzwa shuleni, na sisi hapa Uganda tulifunzwa kuandika Kiingereza.

Tazameni Kiganda, ambacho kanuni za tahajia yake zilisanifiwa mwaka 1947. Katika lugha hiyo, okuta ni kuachilia, na okutta ni kuua. Mwenye lugha hakosei anaponena, lakini aandikapo upesi kwa simu huidondosha t ya pili. Fikirini ujumbe wa raia ufikao kituoni usiku: je, majambazi wataka kumwachilia mateka wao, au kumwua? Askari azamie aamue kwa herufi moja isiyokuwapo.

Mwaka 2007 ulianzishwa mtaala wa kufundisha madarasa matatu ya kwanza kwa lugha za wenyeji. Sisi tuliotangulia hatukuipata bahati hiyo. Basi na tujifunze wenyewe tahajia za lugha zetu, na kila ujumbe tuusome tena kabla ya kuupeleka. Taarifa ya askari haina budi kuwa na maana moja tu.