Toeni Jiko Chini ya Bembea

Kila ikikaribia Saba Saba, swali ni lile lile. Kijana amenunua kitanda cha bembea cha nailoni, kile kinachokunjwa kikaenea kiganjani. Anapanga kwenda na wenzake kulala msituni, Magamba kule Lushoto au kwenye miteremko ya Rungwe, na anauliza: "Mwalimu, nikishusha turubai mpaka chini pande zote, halafu nikaweka jiko dogo la mkaa chini ya bembea, si joto litanifikisha asubuhi?" Naulizwa kwa simu, naulizwa darasani ninapofundisha waongoza watalii, na sasa ananiuliza hata mzazi anayepeleka watoto kambini. Nimelijibu kwa mdomo kiasi cha kutosha. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena nimpe ukurasa huu asome.

Jibu ni hapana. Hapana kwa jiko dogo, hapana kwa mkaa uliokolea, hapana hata ukiacha upenyo. Joto litakuwepo, hilo sibishi. Anayeweza kukosekana asubuhi ni wewe.

Chukua jiko la mkaa, liwashe nje, kisha ulitazame kwa makini. Mwanzoni linafuka moshi, macho yanawasha, na hakuna anayethubutu kuliingiza ndani. Moshi ukiisha, makaa yanakuwa mekundu na juu yake vinaonekana vindimi vidogo vya bluu. Hapo ndipo utasikia, "Mkaa umekolea, ingizeni." Vindimi hivyo vya bluu ni sumu inayoungua. Ndani ya makaa, mahali ambapo hewa haitoshi, inazalishwa gesi ya kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukuta hewa ya kutosha, inashika moto na kugeuka hewa ukaa. Endelea kutazama. Jivu jeupe linafunika makaa, vindimi vya bluu vinazimika, jiko linaonekana limetulia. Ndani makaa bado yanaungua na gesi bado inatoka, ila sasa hakuna mwali wa kuiteketeza. Kwa hiyo jiko la saa sita usiku, lisilo na moshi wala harufu, ndilo la kuogopwa. Moshi wa jioni ulikuwa unakufukuza. Gesi ya usiku haikufukuzi.

Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi koo. Ikiingia mapafuni inapita kwenye damu na kushikamana na himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard aligundua kushikamana huko katika karne ya 19, kwa hiyo si habari mpya wala si nadharia ya mtu. Kwa nguvu hiyo, gesi haihitaji kuwa nyingi hewani ili iijaze damu. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, huku ubongo ukikosa oksijeni. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kichefuchefu na kizunguzungu, miguu italegea. Aliyelala hasikii hata kimoja kati ya hayo. Usingizi unazidi tu kuwa mzito. Wapo wanaozinduka, wakatambua kwamba wanakufa, wasiwe na nguvu ya kuufikia mlango. Fikiria sasa uko ndani ya bembea, meta moja kutoka ardhini, zipu ya begi la kulalia imefungwa mpaka shingoni.

Baada ya maelezo haya huwa napewa utetezi, na nitauchukua mmoja mmoja.

"Nitaacha upenyo." Upenyo unaotosha kutoa gesi unatosha kutoa joto, kwa sababu vyote viwili vinasafiri katika hewa ile ile. Huwezi kuiambia hewa iondoke na sumu ikuachie joto. Ukiona joto limebaki chini ya turubai, jua na gesi imebaki. Isitoshe, hewa ya moto hupanda, na wa kwanza kuipokea ni aliyelala juu ya jiko. Upenyo wenyewe haudumu: saa nane usiku baridi ikikaza, utanyoosha mkono uuzibe.

"Nitaweka beseni la maji linyonye sumu." Kaboni monoksaidi haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kukusaidia chochote. Maji yaliyo karibu na jiko yatakuwa mvuke, mvuke utalowanisha begi lako, na utasikia baridi zaidi.

"Tutakunywa maziwa kabla ya kulala." Sumu hii inaingia kwa pumzi, haipiti tumboni. Maziwa hayana pa kukutana nayo.

"Bibi yangu Makete alilala na jiko maisha yake yote." Nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi inapitisha hewa kila upande, na hata hivyo si salama. Msimu wa baridi haupiti bila kusikia habari za familia zilizokutwa zimekufa chumbani, jiko likiwa katikati. Turubai la nailoni lililolowa umande halipitishi hewa kama nyasi za bibi.

"Watu wa Amazoni, wenye asili ya bembea, hulala na moto kando." Ni kweli. Nyumba ya duara ya Wayanomami ina paa pembezoni na katikati imeachwa wazi kabisa, angani. Ni moto wa kuni unaoonekana, ulio kando ya mtu, chini ya paa refu lisilo na kuta za plastiki. Hakuna katika hayo kinachohalalisha mkaa ndani ya turubai lililofungwa.

Waongoza watalii, hapa nawasemesha ninyi hasa. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu ndizo dalili mlizofundishwa za ugonjwa wa mwinuko. Mteja aliyevuta gesi ya jiko atawaambia maneno yale yale, nanyi mtamwekea kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Vifaa vya kawaida vya aina hiyo haviwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksaidi. Vitawaonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Kwa hiyo kabla ya kutazama kidole, tazameni hema: kuna jiko? Kuna mtu mwingine humo anayeumwa vivyo hivyo? Watu wawili wa hema moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, watoeni nje mara moja. Asiyepumua asaidiwe kupumua. Wote wapelekwe hospitali yenye oksijeni hata wakisema wamepata nafuu, kwa sababu kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu tu ya gesi iliyoibeba. Mjamzito awahishwe kuliko wote, maana damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii zaidi ya damu ya mama.

Sasa baridi yenyewe. Mnalikimbilia jiko kwa sababu hamjajua baridi ya bembea inaingilia wapi. Inatoka chini. Begi la kulalia halina joto lake. Linalokupa joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Ukililalia, uzito wako unazibana nyuzi na kuifukuza hewa hiyo. Jaribu: lala bembeani ukiwa ndani ya begi lako, kisha mwenzako alishike chini ya mabega yako. Kilichokuwa kinene kama kiganja kimebaki wembamba wa shuka mbili. Anayelala ardhini ana mkeka chini yake na udongo usiopigwa na upepo. Wewe chini yako unapita upepo usiku kucha. Ndiyo maana namba ya nyuzijoto iliyoandikwa kwenye begi haikuhusu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 23537 hupimwa kwa sanamu ya mtu inayopashwa joto, ikiwa imelazwa juu ya mkeka. Na ndiyo maana kuongeza blanketi la tatu juu hakukusaidii. Unafunika upande ambao haukuwa na tatizo.

Usidharau baridi yenyewe pia. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila meta 1,000 unazopanda. Usiku wa Julai Dar es Salaam una kama nyuzi 19. Ukilala kwenye meta 2,000, ondoa 13. Bado hujahesabu upepo, wala mashati uliyoyalowesha jasho ukipanda.

Cha kufanya ni hiki. Weka kizuizi cha baridi chini yako. Njia iliyo bora ni blanketi la kuning'inizwa nje, chini ya bembea, likiugusa mgongo bila kulaliwa. Yapo ya kununua, lakini duveti ya nyuzi bandia kutoka mitumbani, ikishonewa vitanzi kwenye pembe nne na kufungwa kwa kamba zinazovutika, inafanya kazi hiyo. Liwe limekaza kiasi cha kuziba mwanya. Likilegea, upepo utapita katikati. Njia ya bei nafuu ni mkeka wa povu lisilonyonya maji, ule wa mazoezi, ukitandikwa ndani ya bembea. Mabaharia wa jeshi la majini la Uingereza, waliolala kwenye bembea kwa karne kadhaa, walitandika godoro ndani yake. Mkeka uwe mpana, mabega yasitoke nje. Ukiwa mwembamba ongeza vipande pembeni. Sponji ya godoro la nyumbani iache, inanyonya maji. Kama begi lako lina zipu pia upande wa miguu, pitisha bembea yote ndani ya begi, ili upande wa chini usibanwe.

Lala kwa mshazari, usilale kwa mstari wa kamba. Mgongo utanyooka na mkeka utatulia. Turubai lifungwe chini, upande wa upepo uwe umezibwa, ncha ziachwe wazi. Usifunge bembea bondeni wala kando ya kijito: usiku hewa ya baridi hushuka na kutuama huko. Panda kidogo ubavuni mwa kilima, nyuma ya miti. Badili nguo zote ulizotembea nazo, soksi kabla ya nyingine. Vaa kofia ya sufu, lakini usizibe pua na mdomo ndani ya begi, pumzi itakulowanisha. Kula chakula kizito usiku, na karanga ziwe karibu. Nenda haja ndogo kabla ya kulala, na ukibanwa usiku toka, usivumilie. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara yenye kifuniko kisichovuja, ivishe soksi, iweke katikati ya mapaja. Ukitetemeka, kaza na kulegeza misuli ukiwa ndani ya begi. Pombe kali iache: inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia moto huku kiini cha mwili kinapoa. Ikiwa hata baada ya haya yote unatetemeka bila kukoma, shuka bembeani ulale ardhini juu ya mkeka, karibu na mwenzako. Hakuna aibu kushuka.

Lililobaki ni la wenye dhamana: walezi wa skauti, walimu, wazazi na viongozi wa misafara. Jiko lina kazi yake kambini, na kazi hiyo ni kupika, nje, mbali na mahema na bembea. Kabla watu hawajalala, mtu mmoja mwenye jina apewe kazi ya kumwagia makaa maji mpaka yaache kutoa sauti, kisha jiko libaki huko huko nje hadi asubuhi. Lisiingizwe hata kama linaonekana limezimika, hata kama mvua inanyesha, hata kama mtoto analia kwa baridi. Mtoto apewe mkeka wa pili chini yake. Mkeka haujawahi kuua mtu.