Mama, Tunza Zile Karatasi

Sisi tunaotembelea wagonjwa kwa niaba ya akina mama wa usharika wetu hapa Bukoba tumezoea kubeba sukari, sabuni na ndizi. Miaka michache iliyopita tulifika kwenye nyumba moja wilayani Muleba, upande wa Kamachumu, tukaona kwamba vitu hivyo havitoshi.

Baba wa nyumba alikuwa amekaa barazani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki na kidole gumba tu. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa, na mashine ilimkamata. Mwajiri wake alimpa shilingi laki moja, akamwambia akapumzike nyumbani. Tangu siku hiyo miezi tisa ilikuwa imepita, na watoto walikuwa wakienda shule bila madaftari.

"Sista, sisi tulishukuru kwa ile laki," mama wa nyumba alituambia. "Wengine hawapewi hata hiyo."

Maneno hayo yalituchoma. Mama huyu alidhani wamepewa sadaka ya mwisho, kumbe walikuwa na haki ambayo hawajaidai.

Ni haki, si hisani

Zamani fidia ya mfanyakazi ilikuwa ndogo mno. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, aliyepata ulemavu wa kudumu kazini hakulipwa zaidi ya shilingi 108,000. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria mpya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaoitwa WCF, ukaanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia Mfuko huo. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja.

Mtu akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake, Mfuko hugharamia matibabu. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa sehemu ya mshahara wake. Akibaki na ulemavu wa kudumu, madaktari hupima kiasi chake. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni kila mwezi. Akifariki, wategemezi wake nao wana fungu lao.

Lakini kuna saa inayohesabu. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7. Miezi 12 ikipita tangu ajali bila Mfuko kuarifiwa, haki hiyo hupotea. Familia ile ilikuwa imebakiwa na miezi mitatu.

Sanduku la bati

Tulimwuliza mama kama ana karatasi zozote. Akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Humo, pamoja na kadi za kliniki za watoto, zilikuwamo karatasi zote za matibabu ya mumewe, zikiwa na tarehe na mihuri, na karatasi tatu za mshahara. Hakuna aliyemwambia azitunze. Alisema tu kwamba karatasi yenye muhuri haitupwi.

Hapo sisi wauguzi hatuna budi kukiri kosa letu. Karatasi za mwanzo zilisema "jeraha la mkono", basi. Mahali alipoumia hapakuandikwa, wala mashine haikutajwa. Ilibidi turudi kwa daktari aliyemtibu ili aeleze vizuri katika taarifa yake, na wafanyakazi wenzake wawili wakaandika walichokiona. Mwajiri alisitasita. Tulipokwenda na familia kwa Afisa Kazi, fomu zikajazwa, na taarifa ikaufikia Mfuko zikiwa zimesalia wiki chache.

Mama yule alipanda basi kuja Bukoba mara saba. Safari ya tano alitaka kuacha. Tulimkumbusha yule mjane wa Injili ya Luka, aliyemwendea kadhi bila kuchoka mpaka akapewa haki yake. Alicheka, akasema mjane yule hakulipa nauli ya basi. Lakini alirudi tena.

Ulemavu wa mumewe ulipimwa ukazidi asilimia 30. Leo anapata pensheni kila mwezi. Si fedha ya kujenga ghorofa, ila watoto wana madaftari, na baba amerudi kukaa mezani bila kuinamisha kichwa.

Familia nyingine, ya hapa Bukoba, ilitujia baada ya miaka miwili. Karatasi zilikuwa zimetupwa walipohama nyumba, na muda ulikuwa umepita. Tulisali pamoja nao, maana hatukuwa na msaada mwingine wa kuwapa.

Mume au mwana akiumia kazini

1. Mkifika hospitali, semeni wazi kwamba ameumia kazini, na hakikisheni imeandikwa hivyo.

2. Mwarifuni mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa barua, nanyi mbaki na nakala.

3. Tunzeni kila karatasi ya matibabu, mkataba wa kazi, karatasi za mshahara na kitambulisho cha taifa.

4. Andikeni majina ya walioona ajali.

5. Mwajiri akikaa kimya, msikae kimya nanyi. Nendeni kwa Afisa Kazi au mwasiliane na Mfuko wenyewe. Msisubiri mpaka kidonda kipone.

Na asiye na mwajiri?

Anayejilimia shamba lake au anayevua kwa mtumbwi wake mwenyewe visiwani Muleba hana mwajiri wa kumchangia. Lakini halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Ni mkopo, hurudishwa. Hata hivyo umewainua wengi. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Mama mpenzi, huenda mumeo hajui hata jina la Mfuko huu. Wanaume wengi huona aibu kudai. Jioni ya leo mwulize kama mwajiri wake amejisajili na kuchangia. Kisha tafuta bahasha moja ngumu, iweke pamoja na kadi za kliniki, mahali ambapo mvua na panya havifiki. Tunaomba usiihitaji kamwe. Ila ukiihitaji, iwepo.