Tairi Likiharibika Kabla ya Wakati, Tumdai Nani?



Mwaka juzi akina mama wa kikundi kimoja hapa Birongo walikuja ofisini kwetu na huzuni. Wana pikapu ya kupeleka ndizi soko la Kisii. Walinunua matairi mawili mapya kwa pesa za akiba, na hata miezi mitatu haijaisha moja likaanza kuachia mpira wa juu, ule wenye meno. Mwenye duka akawaambia, "Hiyo ni barabara yenu, si tairi."

Tukaandikia kiwanda barua. Jibu lilikuwa fupi: leteni tairi tulipime. Tairi gani sasa? Fundi alikuwa ameshalikata na kuliziba, na risiti ilikuwa imefuliwa pamoja na leso. Tukashindwa. Lawama nyingine ni yetu, maana hatukuwa tumewafundisha mapema.

Kwanza mjue kosa ni la nani. Tairi likilika katikati, upepo ulikuwa mwingi. Likilika kando zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika upande mmoja, magurudumu hayakupangwa sawa. Uvimbe wa ubavuni mara nyingi ni shimo la barabarani: nyuzi za ndani zimekatika kwa kugonga. Hayo kiwanda hakilipi. Hata mpira kuachana waweza kuletwa na mzigo kupita kiasi, na sote tunajua jinsi tunavyopakia ndizi! Lakini kama mzigo ulikuwa wa haki na upepo sawa, mna swali la kuuliza.

Siku ya kununua, tazameni ubavuni penye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo kuzaliwa kwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Msipoziona, tazameni ubavu wa pili. Tairi la miaka mingi huzeeka hata likiwa halijatembea, basi msiuziwe zee kwa bei ya jipya. Nambari hiyo yote ina nguvu. Agosti 2000, kampuni ya Bridgestone/Firestone huko Marekani ilirudisha matairi milioni 6.5 baada ya ajali nyingi, na nambari za ubavuni zilionyesha kwamba mengi ya yale mabovu yalitoka kiwanda kimoja, cha Decatur.

Tairi likiharibika, lisiguswe na fundi. Liwekeni kivulini, mwandike barua: tarehe ya kununua, nambari, kilomita, mzigo, na mnachotaka. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri na aliyeipokea. Msitegemee bei yote. Kwa kawaida hukatwa sehemu ya meno yaliyokwisha kutumika.

Muuzaji akiwasukuma kwa kiwanda, msikubali kuzungushwa. Kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mliyepatana naye ni yeye. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, nayo inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Akikataa, semeni na KEBS kuhusu ubora, au mwende Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hata bila wakili.

Wale akina mama wamenunua tairi jingine. Mweka hazina ameandika nambari yake katika daftari la kikundi, na risiti iko ndani ya lile sanduku la akiba lenye kufuli tatu.