MALISHO YA MIKUNDE KATIKA WILAYA ZA NACHINGWEA NA RUANGWA

Vitabu vingi vya ufugaji huisifu klova nyeupe, mmea utambaao wenye asili ya Ulaya, ambao hupandwa pamoja na nyasi malishoni. Sifa hizo ni za haki. Klova ni jamii ya kunde, na katika mizizi yake mna vinundu vya bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa njia hiyo ardhi hurutubika, na ng'ombe hupata protini ambayo nyasi kavu hazina.

Ama kwa Nachingwea na Ruangwa, Mkoani Lindi, klova nyeupe haifai. Mizizi yake ni mifupi, nayo hutaka ubaridi na unyevu wa mfululizo. Mahali pake ni nyanda za juu zenye baridi. Katika wilaya hizi mbili mvua huanza Novemba au Disemba na kwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo ni jua kali kwa karibu nusu mwaka.

Ardhi hiyo imekwisha kutoa funzo. Mpango wa Karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Miongoni mwa sababu ni kuwa udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza.

Mkunde unaofaa ni ule unaostahimili kiangazi, kama vile stailo, wenye asili ya nchi za Karibi na Amerika ya Kusini. Fauka ya hayo, stailo huwapokea bakteria wale wale wa kunde, ambao aghalabu wamo tayari katika udongo uliozoea mazao ya jamii hiyo. Utaratibu wa kuuotesha ni huu:

1. Kabla ya mvua, nyasi zilishwe hadi ziwe fupi, na udongo ukwaruzwe kwa jembe kwa mistari.

2. Mbegu zina ganda gumu. Zitiwe katika maji ya moto ya nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 10, kisha zikaushwe kivulini.

3. Mvua zikishatulia, zipandwe kilo 2 hadi 4 kwa hekta, zikichanganywa na mchanga ili zienee sawasawa. Zisifukiwe zaidi ya sentimeta moja.

4. Nyasi zikianza kuitia kivuli miche, ng'ombe waingizwe kwa muda mfupi wazipunguze. Mkunde ukitoa maua, waondolewe mpaka mbegu zianguke.

Jambo hili si la lishe tu. Baada ya wafugaji kuhamishwa kutoka Bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, makundi mengi ya ng'ombe yaliingia Mkoa wa Lindi. Malisho yanapokauka ilhali mbaazi zingali shambani, mifugo huingia katika mazao na ugomvi huzuka baina ya mkulima na mfugaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi yake kwa matumizi mbalimbali. Lakini eneo la malisho lisilo na majani mwezi wa Septemba halimzuii ng'ombe mwenye njaa.

Asiye na eneo la kuotesha mkunde asiyachome mabaki ya shamba. Majani ya karanga na ya kunde yakianikwa vyema na kuwekwa chini ya paa, ni chakula chema cha kiangazi.

Kwa sisi wa Visiwani funzo ni lile lile. Kabla ya kununua mbegu iliyosifiwa kwengine, mfugaji anashauriwa kumwona ofisa wa mifugo wa wilaya yake, aulize kwanza juu ya udongo na mvua ya mahali pake.