Kambi ya Juu Mlimani Kilimanjaro

Ndugu wasomaji wa Kilosa na Mikumi, nyinyi mwaijua milima ya Rubeho na Ukaguru, na jinsi ukungu unavyoshuka ghafula njia isionekane. Basi kifikirini kilele cha Kibo, mlima wa moto uliolala, mita 5,895, ambako hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani.

Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alizuiwa huko na barafu. Aliporejea mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller aliweka kambi juu, wapagazi wakipandisha chakula kutoka chini. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika baridi ile. Jina lake halitajwi sana, nami naona si haki. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kasoko, nguvu zikawaishia na saa zimekwenda, wakarudi. Lau chakula kisingalikuwapo kambini, safari ingalikwisha pale. Tarehe 6 wakasimama kileleni.

Hata leo, mpandaji akianza kuyumba na kutapika, kiongozi mwema haangalii ada iliyolipwa. Humteremsha papo hapo, ijapokuwa ni usiku na kilele ki karibu.